Kijiko Kimoja cha Sukari: Jinsi Mwili Unavyolisha Ubongo, Misuli na Moyo

Maelezo ya baraza la afya ya jamii



Mazungumzo ya leo yanaanza na kijiko cha chai. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Ukiipima damu hiyo yote alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani, sukari iliyomo ni gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja. Mtu huyo huyo asubuhi atatia vijiko 3 kwenye kikombe chake, atakula mahamri 4 na bakuli la mbaazi za nazi, kisha ataondoka kwenda kazini. Baada ya saa chache, akipimwa tena, damu yake inakuta ni kijiko kile kile kimoja na kitu kidogo juu. Ile nyingine yote imekwenda wapi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Anayejua jibu lake anajua pia kwa nini mtoto mmoja anaweza kupelekewa dawa ya malaria wakati anakufa kwa ukosefu wa insulini, na kwa nini mtu anayeyumba kando ya barabara na kuongea ovyo huenda hajaonja pombe hata tone.

Kwanza, jina la ugonjwa limewapoteza wengi. Watu husikia “ugonjwa wa sukari” wakadhani ni habari ya kopo la sukari jikoni. Utamkuta mzee ameacha sukari kwenye chai, anajisifu mbele ya wajukuu, halafu mchana anashusha ugali uliofunika sahani nzima na mboga ya kuzugia pembeni. Wanga wa ugali, wali, muhogo, viazi na chapati ni sukari iliyofungwa minyororo. Atakaye ushahidi atafune kipande cha mkate mtupu kwa dakika mbili bila kumeza. Kitaanza kuwa kitamu, kwa sababu mate yameanza kuikata ile minyororo. Kazi hiyo humalizikia kwenye utumbo mwembamba, na kinachopita kuingia katika damu ni sukari ndogo iitwayo glukosi.

Sukari ya dukani ni vipande viwili vilivyoshikana, kimoja glukosi na kingine fruktosi. Fruktosi nyingi huchukuliwa na ini, nalo likizidiwa kila siku hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, nayo huingia kwa haraka kwa kuwa hakuna cha kumeng’enya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji ipungue chini ya asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata kwa siku, na ingefaa zaidi kama ingeshuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi. Chupa moja tu imeshapita hapo. Mbaazi zina wanga pia, lakini wanga wake hufunguka polepole, na ndiyo sababu mbaazi hushikilia tumbo hadi adhuhuri wakati mahamri peke yake humwacha mtu akitafuta kitu saa nne.

Sasa glukosi imeingia kwenye damu. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, huonja damu hiyo na kumwaga insulini. Insulini ndiyo inayobisha hodi. Misuli na mafuta ya mwili yana milango ya kupitishia sukari, lakini wakati wa kawaida mingi kati ya milango hiyo huwa imehifadhiwa ndani ya seli. Insulini ikifika, milango hupanda juu, sukari ikaingia. Ini nalo hupata amri: weka akiba.

Akiba ya ini huitwa glikojeni, na kwa mtu mzima hufika gramu 100 hivi. Misuli yote kwa pamoja huweka kama gramu 400. Mtu angesema basi misuli ndiyo ghala kubwa, lakini misuli ni bahili. Sukari ikiingia kwenye msuli haitoki tena kuja kusaidia wengine, maana msuli hauna kimeng’enya cha kuifungulia irudi kwenye damu. Mguu wenye akiba tele hauwezi kuukopesha ubongo hata punje. Ini pekee, pamoja na figo kwa kiasi kidogo, ndilo linalotoa. Usiku mtu akiwa amelala, kongosho hupunguza insulini na kuongeza homoni nyingine, glukagoni, na ini hufungua ghala taratibu hadi asubuhi.

Anayekopeshwa zaidi ni ubongo. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hula asilimia 20 hivi ya nguvu yote mtu akiwa ametulia. Kwa glukosi, hiyo ni kama gramu 120 kwa siku, gramu 5 kila saa. Linganisha na kile kijiko cha mwanzo. Sukari yote iliyo katika damu ingetosha ubongo kwa muda usiozidi saa moja kama ini lingegoma. Ubongo hauna ghala la maana, na mafuta ya mwili hauyachomi. Milango yake haingoji insulini. Unachukua tu, mchana na usiku, awe mtu anafanya hesabu au anakoroma.

Chembe nyekundu za damu nazo hazina hiari. Kazi yao ni kubeba oksijeni mwili mzima, lakini zenyewe haziitumii hata kidogo, mithili ya mvuvi asiyekula samaki. Hazina mitambo ya kuitumia. Huishi kwa glukosi pekee, na mabaki yake, yaitwayo laktati, huyarudisha kwenye damu. Misuli inayofanya kazi kwa nguvu hutoa laktati pia. Wengi wamefundishwa kuiona kama uchafu. Siyo. Ini huikusanya na kuitengeneza upya kuwa glukosi, na moyo huichoma kama kuni. Mzunguko huo wa misuli na ini ulielezwa na mke na mume, Gerty na Carl Cori, waliotoka Prague wakahamia Marekani mwaka 1922. Mwaka 1947 walipata Tuzo ya Nobel kwa kufumbua jinsi glikojeni inavyobadilika mwilini, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya tiba.

Moyo ni tofauti na wenzake. Haupumziki, hivyo haukubali kutegemea mafuta ya taa ya aina moja. Sehemu kubwa ya nguvu zake hutokana na mafuta ya mwili, lakini hupokea pia glukosi, laktati na chochote kilichopo.

Mfano wa misuli kila Mkenya anao. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Kwa kasi ya namna hiyo misuli huhitaji sukari, kwa sababu mafuta huungua polepole mno. Akiba ya glikojeni hupungua kila kilomita, na ikiisha miguu hukataa hata kama nia ipo. Ndiyo maana wakimbiaji wa masafa marefu hula wanga kwa wingi siku za kabla ya mbio na kunywa vinywaji vyenye sukari njiani. Kinywaji ambacho kwa Kipchoge ni kuni, kwa karani aliyekaa kwenye kiti tangu saa mbili ni mzigo usio na pa kwenda. Sukari ni ile ile.

Lakini hata karani ana njia. Msuli unapojikunja hupandisha milango yake ya sukari wenyewe, bila kungoja insulini. Kutembea dakika 15 au 20 baada ya chakula cha jioni humpunguzia kongosho kazi. Hili halihitaji pesa, na pengine ndiyo sababu halitiliwi maanani. Watu hutaka kitu cha chupa.

Na mtu asipokula kabisa? Waliofunga Ramadhani, au Kwaresima kwa wanaojinyima chakula, wanajua saa za mwanzo zilivyo. Ini hutoa akiba, kisha huanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati, vipande vya protini na sehemu ndogo ya mafuta. Mwili mwingine hugeukia kuchoma mafuta. Njaa ikiendelea siku kadhaa, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na hapo ubongo hulegeza msimamo wake na kuanza kutumia ketoni kwa sehemu kubwa. Bila mpango huo, binadamu aliyekosa chakula angemaliza nyama ya mwili wake mapema sana. Kwa mtu mwenye afya, ketoni hizi hazina neno, kwa sababu bado ana insulini kidogo inayozizuia zisifurike.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini hiyo kidogo. Kinga ya mwili wake imeshambulia seli za kongosho zinazoitengeneza. Hakuna mzazi aliyekosea chakula, hakuna jirani aliyemtupia jicho. Sukari hujaa kwenye damu yake lakini misuli haifunguliwi mlango. Ni njaa mbele ya chungu kilichojaa. Sukari ikipita kama milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humwagika kwenye mkojo ikivuta maji. Mtoto hukojoa sana, hata aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Hunywa maji asitosheke. Hukonda huku anakula. Kuna bibi waliogundua ugonjwa huu kabla ya daktari, kwa kuona sisimizi wamekusanyika pale mtoto alipokojoa.

Asipotibiwa, mwili wake hudhani kuna njaa kuu, hivyo ini hutengeneza ketoni bila breki. Damu huwa na tindikali. Mtoto hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa kina kana kwamba amekimbia, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kisha usingizi mzito. Katika eneo lenye malaria, dalili za kutapika na kulegea huelekeza kila mtu kwenye malaria, na siku mbili zilizopotea kwa dawa isiyo yake zinaweza kuwa ndizo siku alizokuwa nazo. Mtoto yeyote anayetapika na kuhema, ambaye majuma ya karibuni amekuwa akinywa na kukojoa kupita kawaida, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Tone moja la damu kidoleni na sekunde chache hutoa jibu. Mzazi asione haya kumuomba muuguzi kipimo hicho.

Zamani jibu lenyewe lisingesaidia. Kabla ya mwaka 1922 watoto hawa walikufa wote. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa, alidungwa dawa iliyotolewa kwenye kongosho la ng’ombe. Dozi ya kwanza haikuwa safi, haikufaa. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 mvulana akadungwa tena. Sukari ikashuka, akaanza kupata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi. Frederick Banting na John Macleod walipewa Nobel mwaka 1923, na haki ya ugunduzi huo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmoja wa walioandikwa kwenye hati, ili dawa isiwe mali ya mtu. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado kuna familia zinazosimamisha sindano kwa kuambiwa kuna mizizi au maombi yanayotosha. Maombi hayakatazwi na mtu yeyote. Sindano isiachwe hata siku moja, hata mtoto akiwa mgonjwa na hali chakula, kwa kuwa siku za homa ndizo ketoni hupanda. Dozi ya siku hizo ipangwe na kliniki.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi. Hapo insulini ipo, lakini milango imekuwa mizito kusikia hodi, hasa kwa walio na mafuta mengi tumboni na kwenye ini. Kongosho hulazimika kupiga kelele zaidi na zaidi, hadi miaka inapopita likachoka. Huyu hasikii maumivu. Anaweza kuishi nao miaka kadhaa, sukari ikiharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, ambayo milango yake haina njia ya kuikataa sukari inapofurika. Wengi huja hospitalini kwa kidonda cha mguu kisichopona, ndipo wanaambiwa.

Kabla ya kula, kipimo cha chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni cha kawaida. Kufikia 7.0 au zaidi ni kisukari, baada ya kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Wakati wowote wa siku, 11.1 au zaidi pamoja na kiu na mkojo mwingi inatosha. Kuna kipimo kingine kinachoangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu. Kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kipimo hicho husimulia habari za miezi mitatu. Wale wanaoacha chapati siku mbili kabla ya kliniki ili daktari afurahi, chembe zao huwasema.

Limebaki jambo linaloua kwa dakika badala ya miaka. Mgonjwa aliyedungwa insulini au kumeza baadhi ya vidonge vya kisukari, kisha akachelewa kula au akalima shamba kutwa nzima, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 4. Hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio. Sukari ikishuka zaidi, ubongo hukosa chakula. Huongea ovyo, huyumba, hukasirika bila sababu. Watu hucheka, husema kalewa.

Na wakati mwingine kalewa kweli, hatari ikazidi. Ini linaposhughulika na pombe huacha kutengeneza sukari mpya. Mtu anayetumia insulini akakaa mangweni na kata ya mnazi tangu mchana bila chakula, akaenda kulala, ini lake huishiwa akiba usiku na hakuna wa kujazia. Jamaa humwacha alale pombe imtoke. Asubuhi hawamwamshi.

Aliye macho na anayeweza kumeza apewe vijiko 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Isubiriwe dakika 15, apimwe, na kama bado iko chini apewe tena. Akipata nafuu ale chakula cha kushika tumbo. Baadhi ya vidonge hudumu mwilini kwa saa nyingi, hivyo anayevitumia asiachwe peke yake hata akisema amepona. Aliyezimia asimiminiwe chochote kinywani, kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitalini. Wanaofunga wakiwa na kisukari waonane na kliniki kabla ya mwezi mwandamo, na sukari ikishuka chini ya 4 wafungue pale pale.

Wenye insulini nyumbani pasipo friji wasiiache kwenye dirisha wala juu ya kabati chini ya bati. Chupa hutiwa ndani ya kopo lisilopitisha maji, kopo likawekwa ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kwenye udongo huondoka na joto. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa wiki 4 hivi, kisha hutupwa. Isigandishwe kwenye barafu, ikiganda imeharibika.

Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba ya kazi mwaka 2023 wana vipima sukari na hupita nyumba hadi nyumba. Anayetaka kipimo cha kabla ya kula aje zahanati asubuhi, awe hajala wala kunywa chai kwa saa 8 au zaidi. Maji matupu anaruhusiwa. Na aje na kitafunio mfukoni, akishapimwa ale.